Kopo la jodari jikoni Tabora: lini linalipa na lipikwe vipi

Kila tunapozungumzia bei za vyakula kwenye kipindi cha asubuhi, swali hili halikosi kuingia kwenye simu ya studio: lile kopo dogo la samaki aina ya jodari, ambaye kwenye lebo nyingi ameandikwa tuna, ni chakula cha wenye nazo tu, au linaweza kuingia kwenye bajeti ya nyumba ya kawaida?

Majibu ya wasikilizaji huwa ya aina tatu. Wapo wanaosema ni anasa na hawataki hata kulisogelea. Wapo waliolinunua mara moja, wakamkaanga yule samaki kama wanavyokaanga sato, akawa mkavu kama pumba, wakaapa kutorudia. Na wapo vijana wa vyumba vya kupanga wanaolifungua jioni na kulila lote na mkate, kopo zima mtu mmoja, kisha wanashangaa mshahara unaishia wapi.

Makala hii ni kwa ajili ya wote hao. Tutaangalia ndani ya kopo kuna nini, tutapiga hesabu ambayo unaweza kuirudia mwenyewe ukiwa umesimama dukani, kisha tutaingia jikoni na mapishi manne. Mwisho tutazungumzia usalama, kwa sababu kwa joto la Tabora la mwezi wa kumi, kopo lililofunguliwa halitaki mchezo.

Samaki wa Tabora amekuwa wa safari siku zote

Tabora haina bahari wala ziwa kubwa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Tunao samaki wetu wa Bwawa la Igombe na wa mto Ugalla, lakini sehemu kubwa ya samaki anayeliwa mjini hapa ametoka mbali, na anayetoka mbali lazima ahifadhiwe.

Jambo hili halikuanza leo. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, ikapumzika Kazeh na Kwihara, halafu ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke, waliopita Kazeh mwaka 1857 na kufika Ujiji mwaka 1858, walikuta ufukwe wa Ziwa Tanganyika una soko la samaki linalochangamka. Katikati ya njia hiyo, Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watafiti wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walichemsha chumvi pale kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misafara hiyo. Samaki wa ziwani, chumvi ya Uvinza, jua na moshi: hivyo vinne ndivyo vilivyomwezesha samaki kufika bara bila kuoza.

Siri ya njia hizo za zamani ni moja. Bakteria wanahitaji maji ili waishi. Ukimkausha samaki juani, ukimtia moshi au ukimpaka chumvi nyingi, unawanyima maji hayo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kilichobadilika ni mwendo tu. Dagaa na migebuka waliacha kubebwa vichwani wakaanza kupanda behewa, lakini bado walikuwa wakavu.

Kopo linafanya kazi kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne hiyo ya 19, Mfaransa aliyeitwa Nicolas Appert alionyesha kwamba chakula kikifungwa kabisa ndani ya chupa kisha chupa ikachemshwa, kinakaa miezi mingi bila kuharibika. Mwaka 1810 alichapisha kitabu cha kueleza njia hiyo, na mwaka huohuo Uingereza ikatolewa hataza ya kutumia makopo ya bati. Hapa bakteria hawanyimwi maji. Wanauawa kwa moto, kisha mlango unafungwa wengine wasiingie. Ndiyo maana samaki wa kopo ana unyevu wake, na ndiyo maana upishi wake hauwezi kuwa sawa na wa dagaa wala wa samaki mbichi.

Ndani ya kopo kuna nini

Jodari ni jamaa ya samaki wakubwa wa bahari kuu wanaoogelea kwa makundi na kuvuka mipaka ya nchi nyingi. Bahari ya Hindi inao kwa wingi. Visiwa vya Shelisheli, mjini Victoria, vina moja ya viwanda vikubwa zaidi duniani vya kusindika jodari, na kwa upande wetu uvuvi huo unasimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao yake Zanzibar. Aina inayojaza makopo mengi duniani ni ile ndogo yenye mistari tumboni, ambayo wavuvi wengi wa pwani wanaiita sehewa.

Kiwandani, samaki hupikwa kwanza kwa mvuke, akatolewa ngozi na mifupa, akapangwa kwenye kopo pamoja na maji ya chumvi au mafuta. Kopo likishafungwa, linapikwa tena kwa mvuke wenye mgandamizo, kwenye joto la kama nyuzi 120, ambalo sufuria ya kawaida ya nyumbani haiwezi kulifikia. Kwa hiyo samaki unayemnunua ameshapikwa mara mbili. Shika hilo, tutalirudia jikoni.

Unapochukua kopo dukani, tafuta namba mbili. Moja ni uzito wa vyote vilivyomo, na nyingine ni uzito wa samaki peke yake baada ya kumwaga maji au mafuta. Kopo la kawaida la gramu 170 huwa na samaki wa kama gramu 120 hivi. Makopo mawili yanaweza kulingana kwa ukubwa na kuachana kwa samaki, kwa hiyo linganisha bei kwa kutumia ile namba ya pili.

Kisha angalia umbo la nyama. Kuna kopo lenye vipande vikubwa na kuna lenye nyama iliyosambaratika. La pili mara nyingi ni la bei ya chini. Kwa mchuzi, wali na katlesi huna haja ya vipande vikubwa, kwa sababu utavivunja mwenyewe. Mwisho, la maji au la mafuta? La mafuta linakupa pia mafuta ya kukaangia vitunguu, ilimradi usiyamwage. La maji linafaa zaidi kwa anayepunguza mafuta.

Hesabu ya mayai matano

Sasa tuje kwenye pesa. Sitakuandikia bei hapa, kwa sababu bei ya leo Kachoma si ya wiki ijayo, na ya Urambo si ya Nzega. Badala yake nakupa kipimo ambacho hakichakai.

Gramu 100 za jodari wa kopo, baada ya kumwaga maji, zina protini ya kama gramu 25. Kwa hiyo kopo lenye samaki wa gramu 120 lina protini ya kama gramu 30. Yai moja la kuku lina protini ya kama gramu 6. Ukigawanya 30 kwa 6 unapata 5. Kopo moja la jodari, kwa upande wa protini, ni sawa na mayai matano.

Kwa hiyo ukiwa dukani, jiulize mayai matano leo ni shilingi ngapi. Kama kopo linakaribiana na bei hiyo, basi unanunua protini kwa bei ya kawaida, na kopo halistahili tena kuitwa anasa. Kama kopo ni mara mbili ya mayai matano, unalipia ladha na urahisi. Hiyo si dhambi, lakini ujue unalipia nini.

Hesabu hiyohiyo inatuonyesha kwa nini kijana anayekula kopo zima peke yake anapoteza. Gramu 30 za protini kwa mlo mmoja ni nyingi kuliko anazohitaji kwa wakati huo. Kopo likigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata kama aliyekula yai zima, na kilichobaki cha kushibisha kinatoka kwenye ugali, wali, karanga na mboga.

Tuwe wakweli pia kwa washindani wa kopo. Gramu 50 tu za dagaa wakavu safi zina protini inayokaribia ile gramu 30. Robo kilo ya maharage makavu ina protini zaidi ya gramu 50. Kwa shilingi kwa shilingi, mara nyingi dagaa na maharage watalishinda kopo, na hakuna sababu ya kuwaacha.

Dagaa ana jambo lingine ambalo jodari wa kopo hana. Analiwa mzima, na mifupa yake midogo, na mifupa hiyo ndiyo yenye madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, dagaa wa kusagwa kwenye chakula chake ni kitu ambacho jodari hawezi kukiziba. Ukitaka kopo lenye mifupa, chukua lile la samaki wadogo wa mchuzi wa nyanya. Mifupa yao imelainika wakati wa kupikwa kiwandani, na unaila bila kuhisi.

Siku ambazo kopo linalipa

Kama dagaa na maharage ni nafuu, kopo lina kazi gani? Lina siku zake.

Siku ya kwanza ni ile ambayo samaki wa kawaida amepungua sokoni. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa mji uliozoea dagaa wa Kigoma, miezi mitatu ni mirefu. Dagaa wa Mwanza wapo, lakini watu wengi wakikimbilia mzigo mmoja, mzigo huo nao hupanda. Wakati kama huo, rudia hesabu ya mayai matano. Kopo ambalo lilikuwa ghali mwezi wa pili linaweza kuwa la kawaida mwezi wa saba.

Siku ya pili ni ile ya mkaa. Maharage ni rahisi kununua lakini ni ghali kuyachemsha, hasa kama hukuyaloweka tangu usiku. Jodari anahitaji dakika chache tu kwenye jiko. Kwa hiyo unapolinganisha maharage na kopo, weka pia kwenye mizani mkaa au gesi itakayotumika, pamoja na saa mbili za mtu kukaa karibu na jiko. Kwa mama anayefunga genge saa moja usiku na watoto wanasubiri, saa hizo mbili zina thamani.

Siku ya tatu ni ya masika. Dagaa waliopata unyevu huota ukungu na kubadilika harufu, na wale walioanikwa chini huja na mchanga. Kopo halijali mvua.

Na siku ya nne ni ya safari. Warina asali wanaokaa porini wiki kadhaa, wakulima wa tumbaku walio mbali na maduka, madereva wa masafa, wanafunzi wa vyuo wasio na friji. Kwao kopo ni kile ambacho samaki mkavu alikuwa kwa wapagazi wa Kinyamwezi: chakula kinachovumilia njia.

Kanuni tatu kabla ya kuwasha jiko

Ya kwanza: jodari anaingia mwisho. Ameshapikwa mara mbili. Ukimchemsha nusu saa, nyuzi zake zinakaza na zinakuwa kama pamba. Pika mchuzi wako mpaka uive kabisa, ndipo umtie na umwache dakika tatu hadi tano apate joto na ladha.

Ya pili: onja kabla ya kutia chumvi. Makopo mengi yana chumvi tayari. Kama ni la maji ya chumvi, mwaga maji hayo kwanza. Wenye shinikizo la damu wamsuuze samaki haraka kwa maji safi.

Ya tatu: mpe samaki kitu cha kumbeba. Gramu 120 za nyama zikiwekwa peke yake mbele ya watu watano zitaonekana kama masihara. Zikichanganywa na karanga, viazi, wali au mboga za majani, ladha yake inasambaa sufuria nzima. Hii ndiyo akili ileile ya dagaa. Kiganja kimoja cha dagaa kinatosha kulisha familia kwa sababu mchuzi unabeba ladha.

Mapishi ya kwanza: jodari wa karanga kwa ugali

Huu ndio upishi ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwa sababu kila mpishi wa Tabora anajua karanga. Unalisha watu watano.

Andaa kopo moja la jodari, vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva, nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, fungu moja la mchicha au matembele, vikombe 2 vya maji, na ndimu moja. Chagua karanga nzuri. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye uchungu ziache kabisa, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga.

Kaanga vitunguu kwa mafuta ya kopo, au kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kama kopo lako ni la maji. Vikianza kugeuka rangi, weka nyanya na uziache ziive mpaka zijitenge na mafuta. Koroga unga wa karanga kwenye kikombe kimoja cha maji ya baridi mpaka uwe uji mwepesi, kisha mimina ukikoroga. Ukiutia mkavu kwenye sufuria ya moto utapata mabonge. Ongeza kikombe cha pili cha maji, punguza moto, acha mfuniko wazi na koroga mara kwa mara kwa dakika 15. Karanga hufurika upesi na hushika chini, kwa hiyo usiende mbali.

Mchuzi ukiwa mzito, weka mboga za majani zilizokatwa. Baada ya dakika tano weka jodari, mvunje kwa mwiko, subiri dakika tatu na uepue. Kamulia ndimu baada ya kuepua. Ndimu inaondoa ile harufu ya bati ambayo wengi hawaipendi. Onja, ndipo uamue kuhusu chumvi.

Kama una nsansa au majani mengine makavu ya kunde nyumbani, yaloweke na uyachemshe kwanza mpaka yalainike, kisha yatumie badala ya mchicha. Karanga zenyewe zinaongeza protini nyingine kwenye sufuria, zaidi ya gramu 10, kwa hiyo chakula hiki kina nguvu kuliko kinavyoonekana.

Mapishi ya pili: wali wa jodari

Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliokaa Unyanyembe walikuwa watu wa wali, na mchele wa mkoa huu, hasa wa Nzega na Igunga, leo unajulikana mbali. Wali huu unapikwa kwenye sufuria moja, kwa hiyo unaokoa pia sabuni.

Kwa watu watano, andaa vikombe 3 vya mchele, kopo moja la jodari, vitunguu 2, karoti 2, pilipili hoho moja, punje 3 za kitunguu saumu, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba na nusu kijiko cha manjano.

Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia. Usiviharakishe, rangi ya wali inatoka hapo. Weka kitunguu saumu na viungo, kisha karoti, kisha mchele uliooshwa na kuchujwa. Geuza dakika mbili. Mimina maji ya moto unayotumia siku zote kwa mchele wako na chumvi kidogo kuliko kawaida. Maji yakikaribia kukauka, tandaza jodari na hoho juu bila kuchanganya, funika, punguza moto sana na weka makaa machache juu ya mfuniko. Baada ya dakika kumi na tano geuza taratibu mara moja tu. Kachumbari pembeni inatosha.

Mapishi ya tatu: katlesi za jodari

Hizi ni kwa mwenye watoto wa shule, na kwa mama lishe anayetafuta kitu kipya cha kuweka kwenye kabati la kioo asubuhi. Nusu kilo ya viazi mviringo na kopo moja vinatoa katlesi kama 10.

Chemsha viazi na maganda yake ili visinywe maji. Vimenye vikiwa vya moto, viponde, na viache wazi mvuke utoke. Kiazi chenye maji ndicho kinachosababisha katlesi kupasuka kwenye mafuta. Kamua jodari mpaka akauke, mchanganye na viazi, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, giligilani, pilipili manga na ndimu. Finyanga, pitisha kwenye unga wa ngano, chovya kwenye yai lililopigwa na ukaange kwa mafuta ya kina cha nusu kidole. Kila kilichomo ndani kimeshaiva, kwa hiyo unatafuta rangi tu. Dakika mbili kila upande.

Anayeuza apige hesabu kabla ya kupanga bei: gawanya bei ya kopo, viazi, yai, mafuta na mkaa kwa idadi ya katlesi. Wengi husahau mafuta na mkaa, na hapo ndipo faida inapopotelea.

Mapishi ya nne: bila jiko

Mwaga maji ya kopo. Changanya jodari na nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, pilipili na ndimu mbili. Kula na viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha uliobaki asubuhi, au na matobolwa. Kwa anayetoka kazini amechoka, huu ni mlo wa dakika kumi. Kopo moja watu watatu, na ongeza parachichi kama msimu wake umefika.

Usalama: mambo ya kutofanyia mzaha

Usinunue kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati, au lililobonyea kwenye mshono. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama za ubora. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa yenye shaka unaweza kuitolea taarifa huko. Ukifungua kopo likafoka kwa nguvu au likatoa harufu isiyo ya kawaida, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Litupe mahali ambapo kuku, mbwa na watoto hawafiki. Kuna bakteria wanaoweza kukua ndani ya kopo lililoharibika na kutengeneza sumu inayolegeza misuli, ikianza na kuona vitu viwiliviwili na ulimi kuwa mzito. Mwenye dalili hizo baada ya kula chakula cha kopo anapelekwa hospitali mara moja.

Kopo likishafunguliwa, ule ulinzi wote umekwisha. Kama una friji, hamishia samaki kwenye chombo chenye mfuniko na umalize ndani ya siku mbili. Kama huna friji, panga kumaliza kwenye mlo huohuo. Jodari akikaa kwenye joto anaweza kujenga kemikali inayosababisha uso kuwa mwekundu, mwasho, kichwa kuuma na kuharisha. Kemikali hiyo haiondoki kwa kupasha moto, kwa hiyo ile tabia yetu ya kupasha kiporo cha jana usiku na kuhesabu kwamba kimekuwa salama, hapa haifanyi kazi.

Swali la mwisho linatoka kwa akina mama wajawazito, ambao wamesikia kwamba jodari ana zebaki. Ni kweli kwamba samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini, na jodari wamo. Nchini Uingereza mamlaka za afya huwashauri wajawazito wasizidi makopo manne kwa wiki. Nyumba inayogawana kopo moja kwa watu watano, mara moja au mbili kwa wiki, iko chini sana ya kiwango hicho. Ukiwa na wasiwasi, muulize mhudumu wa kliniki yako.

Wiki hii ukipita dukani, fanya jambo moja kabla ya kununua. Uliza bei ya mayai matano, uliza bei ya kopo, soma uzito wa samaki peke yake. Kisha tutumie ujumbe utuambie umeona nini mahali ulipo, iwe Sikonge, Kaliua, Uyui au mjini, na kama una upishi wako wa jodari unaowashinda hawa wanne, tuandikie vipimo vyake. Tutausoma hewani Jumamosi, saa ambayo wengi wako sokoni.